Ibn al-Haytham: mto Nile, gololi ya chuma na kifungo cha Kairo

Leo tunaeleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa sana kwenye mimbari na makongamano yetu, na kazi yake ikasomwa kidogo mno. Naye ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walizoea kumwita Alhazen.

Tumemchagua kwa sababu ya swali tunalokutana nalo kila tunapokwenda upande wa Kibiti, na hasa kule Ruaruke. Mzazi ana mtoto aliyehitimu juzuu kadhaa madrasa, sasa yuko kidato cha pili, na daftari lake la fizikia limejaa mawe yanayorushwa, magari yanayofunga breki na ndoo zinazovutwa kutoka kisimani. Mzazi huuliza kama elimu hiyo ni yetu au ni ya wengine, na kama mtoto apewe muda wa kuihangaikia. Sisi hatuoni jibu lililo bora kuliko kumweleza mzazi huyo habari za Ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra karibu na mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Mtu wa Rufiji asiuone mji ule kuwa ni wa mbali sana na kwao. Basra iko karibu na mahali mito ya Iraki inapoelekea kumwagika katika Ghuba, penye vinamasi, mitende na maji yanayojaa na kupwa kwa bahari, kama yanavyojaa na kupwa katika vijito vya delta yetu. Na kwa miaka mingi, hadi katika karne iliyopita, majahazi yalichukua boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na kuzipeleka Ghuba kuezekea nyumba, yakirudi na tende. Wazee wa pwani wanayajua hayo vizuri kuliko sisi.

Habari za ujana wake ni chache. Tunachojua ni kwamba alisoma hesabu za Wayunani zilizokwisha kufasiriwa kwa Kiarabu, akazimiliki, kisha akaanza kuzitilia shaka pale alipoona hazisimami. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kumpinga Batlamyus, bingwa wa falaki wa zama za kale ambaye watu walikaribia kumfanya hakosei. Kwa Ibn al-Haytham, ukubwa wa jina la mtu haukuwa ushahidi wa ukweli wa maneno yake. Mwanafunzi wa hadithi anaifahamu adabu hii, maana naye hufundishwa kumkagua msimulizi kabla ya kuipokea habari.

Sasa tuje kwenye mkasa uliobadilisha maisha yake. Ameusimulia Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, yaani zaidi ya karne mbili baada ya tukio. Kipo kisa kingine katika kitabu cha Ibn Abi Usaybi'a kinachotofautiana na hiki katika baadhi ya mambo, kwa hiyo tunaipokea habari hii kama riwaya mashuhuri na si zaidi.

Inasemwa kuwa akiwa Iraki alitamka kwamba, lau angelikuwa Misri, angeufanyia mto Nile kazi ya kuwanufaisha watu wakati wa maji kuzidi na wakati wa maji kupungua. Alikuwa amesikia kuwa mto ule huteremka kutoka mahali pa juu mpakani mwa Misri. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Kairo kuanzia mwaka 996. Al-Hakim alikuwa mtu wa kuogopwa, leo humpa mtu cheo na kesho humwua. Akamwita Ibn al-Haytham, akamtumia mali, na alipofika alitoka mwenyewe nje ya mji kumpokea. Kisha akampa mafundi na vibarua, akamwambia aende.

Msafara ukapanda na mto hadi al-Janadil, kwenye maporomoko ya kusini mwa Aswan. Njiani Ibn al-Haytham aliyaona majengo ya Mafirauni, jinsi yalivyopimwa kwa ustadi. Akatambua kwamba watu wenye hesabu kama ile, lau kazi aliyoikusudia ingewezekana kwa zana zilizokuwepo, wasingeiacha. Alipofika na kuutazama mto, akaukagua huku na huko, akaona hali ya mahali pale si kama alivyoambiwa. Mpango ukaanguka.

Hapa tunaomba msomaji asikimbilie kuona ni aibu, bali atazame uzito wa jambo lenyewe. Maji yaliyozuiliwa husukuma ukuta, na msukumo huo huongezeka kwa kadiri ya kina. Katika kina cha mita 10, kila mita 1 ya mraba ya ukuta hubeba kani ya nyutoni 98,000 hivi, ambayo ni sawa na uzito wa tani 10. Katika kina cha mita 100, mita ile ile moja hubeba tani 100. Hii ndiyo kanieneo ya maji wanayoihesabu vijana wa sekondari, na urefu wa ziwa lililo nyuma ya ukuta hauongezi wala haupunguzi kitu, kinachotazamwa ni kina tu. Kwa mawe, udongo, punda na mikono ya watu, ni nani angeusimamisha mto wa namna ile? Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902, na lile kubwa, lenye kimo cha mita 111, likakamilika mwaka 1970. Ibn al-Haytham aliliwaza jambo hilo miaka 900 kabla zana zake hazijapatikana.

Na sisi tunalo letu. Juu ya mto Rufiji, katika korongo la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye kimo cha mita 131. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukatoka Februari 2024. Mitambo yake ni 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Nguvu hiyo inatoka wapi? Mita 1 ya ujazo ya maji ina tungamo la kilo 1,000. Ikishuka mita 100, hutoa nishati ya jouli 980,000, kwa kuzidisha tungamo, mvutano wa ardhi wa 9.8 na kimo. Maji yakiwa juu, nishati hiyo imetulia ndani yake. Yakishuka hugeuka kuwa mwendo, mwendo ukazungusha mtambo. Kijana wa Ruaruke anayeihesabu hesabu hii anahesabu mto wake mwenyewe, ule unaomwagika baharini karibu na kwao. Na anayo haki ya kuuliza zaidi ya umeme. Wazee wake walilima mashamba ya mlau, mafuriko yanapoondoka na kuacha unyevu. Na mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti. Kushika maji na kuyaachia kwa wakati ndilo jambo lile lile alilolitaka Ibn al-Haytham, na mpaka leo linahitaji watu wanaojua kupima.

Turudi kwake. Alirejea Kairo akamweleza khalifa ukweli kuwa kazi haiwezekani. Al-Hakim alimkubalia udhuru kwa nje, akampa kazi katika diwani. Lakini Ibn al-Haytham alimfahamu mtu aliyekuwa naye. Akaona njia ya kunusurika ni moja tu, akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikashikwa, akawekewa mwangalizi, akafungiwa nyumbani. Akabaki hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021 (411 Hijria), alipotoka usiku kuelekea vilima vya Muqattam asirudi tena.

Wapo wanaomlaumu kwa hila ile. Sisi hatumlaumu. Ukweli uliokuwa mzito kuusema, wa kwamba mto umemshinda, alikwisha kuusema mbele ya mfalme mwuaji. Kilichobaki kilikuwa ni kuiokoa roho yake, na mafakihi wana mlango mpana katika masuala ya dharura.

Katika miaka hiyo ya kifungo na iliyofuatia ndipo wataalamu wengi wanapoiweka kazi yake kubwa, Kitab al-Manazir, yenye juzuu 7, inayohusu nuru na kuona. Humo alibainisha kuwa jicho halitoi mwale, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, na kila dai alilipeleka kwenye majaribio. Mambo ya nuru yamekwisha kuandikwa sana. Tunalotaka kulikalia ni jingine, linalotajwa kwa nadra.

Ili aeleze kwa nini nuru hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ile ile iliyoingilia, alikwenda kwenye mwendo wa vitu vizito. Alieleza jaribio la gololi ya chuma, laini, inayopigwa kwenye uso mgumu. Ikienda wima juu ya uso huo, hurudi kwa njia ile ile. Ikienda mshazari, huruka upande wa pili kwa mshazari ulio sawa. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwendo wa mshazari ni mwendo wa namna mbili kwa pamoja. Mmoja unaelekea ukutani, na wa pili unakwenda sambamba na ukuta. Ukuta huuzuia ule wa kwanza na kuugeuza nyuma, na ule wa pili haupingi, basi unaendelea kama ulivyokuwa. Vikiunganishwa tena, mshazari mpya hutokea. Akaongeza kuwa gololi baada ya kuruka huanza kuanguka kwa sababu ya uzito wake, na nuru haina uzito wa kuivuta, hivyo hunyooka. Kwa namna hiyo hiyo alieleza kwa nini gololi inayopiga kibao chembamba wima hukivunja, na inayokipiga kwa mshazari huteleza, na kwa nini upanga unaoshuka wima hukata na ule wa kulala hauzami.

Watu wa delta wanaitumia elimu hii kila siku bila kuiita fizikia. Tuseme mto una upana wa mita 400, mpiga kafi anakwenda mita 1 kwa sekunde, na mkondo unashuka nusu mita kwa sekunde. Akielekeza omo ya mtumbwi moja kwa moja ng'ambo, atavuka kwa sekunde 400, maana mkondo hauzuii mwendo wake wa kukata mto. Lakini katika sekunde hizo hizo mkondo utamteremsha mita 200, na bandari ataiacha juu. Akitaka kufika mkabala na alipoondokea, itambidi auelekeze mtumbwi upande wa juu wa mto kwa nyuzi 30, sehemu ya nguvu yake ipotee kwa kushindana na mkondo, na safari ichukue sekunde 462 hivi. Mvuvi hufanya hivyo kwa jicho. Mwanawe hufanya kwa kalamu. Mwalimu anayefundisha somo la mwendo kwa magari ya Ulaya peke yake huwa ameacha mfano ulio mlangoni.

Tuseme pia lisilofurahisha. Kuna vijitabu vinavyosambazwa vinavyodai kuwa Ibn al-Haytham aligundua kila kitu na Wazungu waliiba. Hatupendi chumvi hiyo. Kanuni za kani na mchapuko kama zinavyofundishwa leo aliziandika Newton mwaka 1687, na wazo la nishati kama linavyohesabiwa sasa ni la karne ya 19. Ibn al-Haytham hakuwa nayo hayo. Alichokuwa nacho ni kuugawa mwendo mmoja sehemu mbili na kuitazama kila sehemu peke yake, na hilo ndilo ufunguo wa nusu ya masuala yaliyo katika daftari la kidato cha tatu. Descartes alipoandika juu ya nuru mwaka 1637, naye alitumia mpira unaopigwa na kuruka, na wakati huo kitabu cha Ibn al-Haytham kilikuwa kimechapwa kwa Kilatini huko Basel tangu mwaka 1572.

Baada ya kufunguliwa, mwanachuoni huyu hakurudi tena kwenye milango ya watawala. Alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vitatu vya hesabu na falaki, kikiwemo cha Euclid na cha Batlamyus yule yule aliyempinga, akaviuza kwa dinari 150, nazo zikamtosha kwa mwaka mzima. Al-Bayhaqi anasimulia kuwa amiri mmoja aliyeitwa Surkhab alitaka kusoma kwake, naye akamtoza dinari 100 kila mwezi. Amiri akalipa miaka mitatu. Alipomaliza na kuaga, Ibn al-Haytham akamrudishia fedha zote, akamfahamisha kuwa hakuzihitaji, alitaka tu kuona kama mtu huyo anaithamini elimu kuliko mali.

Alifariki Kairo karibu na mwaka 430 Hijria, yaani 1040 hivi. Kitab al-Manazir kilifanyiwa sherehe na Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu na mwaka 1319, na UNESCO ilikikumbuka mwaka 2015 ulipoadhimishwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru. Sura yake iliwekwa katika noti ya dinari 10,000 ya Iraki iliyotolewa mwaka 2003. Risala yake juu ya vitovu vya uzito haikutufikia. Kilichosalia ni muhtasari alioutia al-Khazini, mtumwa aliyeachwa huru katika mji wa Marw, ndani ya kitabu chake cha mizani alichokiandika mwaka 515 Hijria.