Luigi Broglio: Mtu Aliyeiona Thamani ya Ikweta

Wanachuo wenzangu, tukisikia habari za roketi na setilaiti, mawazo yetu yanakimbilia Marekani au Urusi. Leo nataka tumtazame Luigi Broglio, Mwitalia aliyerusha setilaiti kutoka pwani ya Kenya, na ambaye alifariki kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alikuja kuwa profesa wa uhandisi wa anga Roma, na pia jenerali wa jeshi la anga. Italia ilitoka Vita Kuu ya Pili ikiwa hoi, na haikuwa na roketi ya kufikisha kitu kwenye obiti. Broglio hakukaa kusubiri. Alikubaliana na Wamarekani watoe roketi za Scout, akapeleka vijana wake wakajifunze kwao, na tarehe 15 Desemba 1964 Waitalia wenyewe wakarusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops, Marekani.

Lakini yeye alikuwa anaitazama Ikweta. Kwa sababu dunia inajizungusha, aliyesimama Ikweta anakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kujua. Roketi inayoelekea mashariki kutoka hapo inapata msukumo wa bure. Akachagua Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, ambako upande wa mashariki ni bahari tupu. Majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, mojawapo likiwa la zamani la kuchimbia mafuta. San Marco 2 ikapaa kutoka hapo mwaka 1967.

Kazi kubwa zaidi ilikuja tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Timu ya Broglio ilirusha setilaiti ya NASA, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Ikaitwa Uhuru. Eksirei za nyota huishia kwenye angahewa, hazitufikii huku chini, kwa hiyo ni lazima kipimo kipande juu.

Kumbe huko juu kulikuwa na mambo! Chanzo kimoja, Cen X-3, kilikuwa kinapiga kama mapigo ya moyo kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi kinazimika karibu nusu siku. Maelezo yake ni kwamba nyota mbili zinazungukana. Moja ni ya nyutroni, upana wake kilomita 20 hivi, yaani safari ya bodaboda tu. Inavuta gesi ya mwenzake, na gesi ikiiangukia inafikia joto la mamilioni ya nyuzi, ndipo eksirei zinatoka. Ikipita nyuma ya mwenzake, hatuioni.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Broglio alikuwa ameshafariki Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Mimi nasomea ualimu, na nyumbani ni Karagwe. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Kyerwa, niliona eksirei zinafundishwa kama kitu cha hospitali, na nyota kama kitu cha Wazungu. Wakati Kayanga ipo karibu zaidi na Ikweta kuliko Ngomeni! Sisemi turushe roketi kutoka kwenye migomba, hatuna bahari. Ila jina la setilaiti lilikuwa la Kiswahili, msukumo ulikuwa wa Ikweta yetu, na data zikaenda kuchambuliwa Marekani. Broglio hakuwa na roketi yake. Alikuwa na swali zuri kuhusu mahali. Sisi mahali tunapo tayari. Tunaokwenda kufundisha, tuhakikishe mtoto wa Kyerwa anajua hivyo kabla hajamaliza kidato cha nne.