WALT DISNEY: BABA ALIYEJENGA BUSTANI YA WATOTO NA WAZAZI WAO

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya mtu ambaye jina lake twalijua sote kutokana na mabegi ya shule, fulana na filamu za vibonzo. Lakini ukiulizwa alizaliwa wapi na alipitia nini, huenda ukabaki ukikuna kichwa. Mtu huyo ni Walt Disney.

Nina sababu nyingine ya kumchagua, nayo ni ya nyumbani. Mjomba wangu na mkewe wanaishi California, Marekani. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba. Kwa muda mrefu wamekuwa wakiweka akiba ili wawapeleke watoto hao katika bustani ya burudani ya Disneyland kwa mara ya kwanza. Nilipoyasoma maisha ya mwenye bustani, nikaona kumbe naye alianza na swali lile lile la kila mzazi: siku ya mapumziko nitawapeleka wapi watoto, na mimi mwenyewe nitafanya nini wakati wanacheza?

Walt alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa fundi seremala ambaye aliwahi kufanya kazi katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka wa 1893. Mama yake aliitwa Flora. Walikuwa watoto watano, wavulana wanne na msichana mmoja, na Walt alikuwa wa nne. Mwaka wa 1906 familia ilihamia shambani, katika mji mdogo wa Marceline, jimbo la Missouri. Huko ndiko Walt alikopenda kuchora wanyama na kutazama garimoshi likipita. Mapenzi hayo mawili hayakumtoka maishani.

Lakini shamba halikulipa. Mwaka wa 1911 walihamia Kansas City, na Elias akaanza biashara ya kusambaza magazeti. Walt na kaka yake Roy waliamshwa kabla ya mapambazuko, kiangazi na wakati wa theluji, wakapeleka magazeti nyumba kwa nyumba kisha ndipo waende shule. Baba hakumlipa Walt kwa kazi hiyo. Sisi tunaolalamika kengele ya alfajiri ikilia tufikirie hilo kidogo! Si ajabu kwamba darasani alisinzia. Katika mji huo kulikuwa na bustani ya burudani iliyoitwa Electric Park, yenye taa nyingi na garimoshi dogo. Mtoto yule wa magazeti aliitazama kwa macho ya tamaa.

Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha shule. Alitaka kwenda vitani Ulaya, na kwa kuwa umri haukumruhusu, tarehe ya kuzaliwa katika karatasi zake ilibadilishwa, akajiunga na Msalaba Mwekundu kama dereva wa magari ya wagonjwa. Alifika Ufaransa vita vikiwa vimekwisha, mwishoni mwa 1918. Aliporudi alijaribu kazi ya uchoraji, akaanzisha kampuni ndogo ya vibonzo huko Kansas City, na mwaka wa 1923 kampuni ikafilisika. Akapanda garimoshi kuelekea Hollywood. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo yeye na Roy walianzisha kampuni yao. Walt alikuwa mtu wa ndoto, Roy mtu wa hesabu. Nadhani bila Roy, leo tusingelijua jina hili.

Mwaka wa 1925 alimwoa Lillian Bounds. Mwaka wa 1928 alipata pigo jingine. Alikuwa na kibonzo cha sungura kilichopendwa sana, aitwaye Oswald, lakini haki zote zilikuwa mikononi mwa wasambazaji. Walimnyang'anya sungura pamoja na wachoraji wake wengi. Hapo ndipo yeye na rafiki yake Ub Iwerks walipombuni panya Mickey. Tarehe 18 Novemba 1928 filamu ya panya huyo yenye sauti ilionyeshwa New York, na watu wakafurika. Mwaka wa 1937 akatoa filamu ndefu ya Snow White. Ilimgharimu karibu dola milioni 1.5. Wengi walimcheka wakisema eti hakuna mtu mzima atakayekaa zaidi ya saa nzima akitazama michoro. Waliomcheka ndio waliopanga foleni. Penye nia pana njia.

Sasa turudi kwenye bustani. Walt na Lillian walijaliwa binti, Diane, mwaka wa 1933, kisha wakamlea Sharon kama mtoto wao tangu akiwa mchanga. Siku za mapumziko baba huyo aliwapeleka binti zake katika bustani ya Griffith, Los Angeles. Wao walipanda farasi wa mbao wanaozunguka, naye akaketi kwenye benchi akila njugu. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kwa nini mzazi akae pembeni kama mlinzi? Kwa nini kusiwe na mahali safi ambapo wakubwa na wadogo watacheza pamoja? Bustani nyingi za siku zile zilikuwa chafu, na nyingine hazikufaa watoto hata kidogo. Alitembelea Tivoli, bustani ya Copenhagen nchini Denmark, akaona kwamba usafi na burudani vyaweza kukaa pamoja.

Benki hazikumwamini. Hata Roy alisita mwanzoni. Walt alikopa pesa kwa dhamana ya bima ya maisha yake na kuuza nyumba yake ya mapumziko. Mwishowe shirika la televisheni la ABC liliweka dola 500,000 na kudhamini mikopo, naye akaahidi kuwatengenezea kipindi cha kila juma. Wataalamu walitafuta mahali pa kujenga, wakachagua Anaheim, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa. Ujenzi ulianza Julai 1954, na mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 17 Julai 1955, malango yakafunguliwa. Gharama ilikuwa imefika dola milioni 17.

Jamani, siku hiyo ilikuwa kasheshe! Watu karibu 28,000 waliingia, wengi wakiwa na kadi za mwaliko bandia. Joto lilikuwa kali hata lami mpya ikawa laini, na viatu vya akina mama vikazama. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma hapo awali, na muda ukawa haba. Walt alitakiwa kuchagua: mafundi wamalize mabomba ya maji ya kunywa au vyoo? Alichagua vyoo. Wengine walimlaumu, lakini mtu yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto wa miaka minne katika matatu atamwelewa mara moja. Magazeti yaliandika mabaya. Hata hivyo, kabla ya miezi miwili kwisha, wageni walikuwa wametimia milioni moja.

Ukiichunguza ramani ya bustani ile utaona mawazo ya mzazi. Ilijengwa ikiwa na lango moja kuu la kuingilia, ili familia zisipotezane. Ukiingia unafuata barabara moja mpaka kwenye uwanja wa katikati, na mbele yako pana ngome ndefu inayoonekana kutoka mbali. Kutoka uwanja huo, njia zinagawanyika kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Pembeni kuna tuta la udongo linaloficha mji wa nje, na garimoshi linazunguka bustani nzima. Mzee aliyechoka apande garimoshi, mtoto aliyesinzia alale mapajani mwa mama, na bado wote wako katika burudani.

Kutokana na hayo nimekusanya mambo ya kumfaa mjomba, na pia yeyote anayewapeleka ndugu zake wadogo matembezini, hata kama ni maonyesho ya kilimo hapa kwetu. Kwanza ni pesa. Mwaka wa 1955 mtu mzima aliingia kwa dola moja, mtoto kwa senti 50, kisha kila mchezo ukalipiwa peke yake. Siku hizi tiketi ya siku moja ya mtu mzima hupita dola 100, ingawa mtoto wa chini ya miaka mitatu haingii kwa malipo. Bei hubadilika kulingana na siku, kwa hivyo yafaa kuchagua siku ambazo shule za huko hazijafungwa. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani kinaruhusiwa, nacho huokoa pesa nyingi. Na kila mtoto aambiwe mapema atanunuliwa kitu kimoja tu dukani. Ahadi iliyotolewa nyumbani huzuia kilio cha jioni.

Pili ni kimo. Baadhi ya mashine za kasi hazimpokei mtoto mpaka afikishe sentimita 102 au zaidi. Mjomba awapime watoto ukutani kabla ya safari. Ni afadhali mdogo ajue ukweli akiwa nyumbani kuliko kusimama foleni saa nzima kisha arudishwe mbele ya dada yake. Tatu ni muda. Wafike malango yanapofunguliwa, wakati foleni ni fupi. Kila mtoto achague michezo miwili anayoitaka kuliko yote, hiyo ifanywe kwanza, na mingine ikipatikana ni bahati. Mchana wapumzike kivulini. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nne, wakubaliane mahali pa kukutana wakipoteana, na ile ngome yafaa sana. Mdogo awe na kikaratasi mfukoni chenye nambari ya simu ya mzazi.

Jambo la tano ndilo kubwa, na ndilo lililomfanya Walt aondoke kwenye benchi lake: mzazi naye acheze. Nimeona katika sherehe zetu baba akiwaketisha watoto kwenye bembea kisha anakwenda zake kuzungumza na wenzake. Watoto hukumbuka ni nani aliyekuwa pamoja nao.

Sitaki mdhani kwamba namfanya Walt Disney malaika. Mwaka wa 1941 mamia ya wafanyakazi wake waligoma wakidai chama cha kuwatetea na malipo ya haki, naye alikuwa amewafukuza baadhi ya viongozi wao. Mwaka wa 1947 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Marekani, akawahusisha baadhi ya wagomaji na ukomunisti. Mtoto aliyefanyishwa kazi bila malipo alfajiri, alipokuwa mkubwa aliona vigumu kusikiliza kilio cha waliomfanyia kazi. Naona hapo alipungukiwa. Tunaweza kusifu bustani bila kusahau jasho la waliochora na kujenga.

Huzuni nayo ilimfika. Mwaka wa 1938 mama yake alifariki kwa hewa ya sumu iliyovuja katika nyumba ambayo Walt na Roy walikuwa wamewanunulia wazazi wao. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na saratani ya mapafu ilimwua tarehe 15 Desemba 1966, akiwa na miaka 65. Zile porojo za bwenini kwamba eti mwili wake uligandishwa kwenye barafu ni uongo mtupu. Mwili wake ulichomwa siku mbili baadaye. Bustani ya pili, ya Florida, alikuwa bado anaipanga. Roy aliahirisha kustaafu, akaisimamia hadi ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, akaipa jina la ndugu yake, naye akafariki Desemba hiyo hiyo. Hapo ndipo nimeona maana ya damu kuwa nzito kuliko maji.

Kwetu wapenzi wa Kiswahili kuna jambo la kutafakari. Huko Florida, mwaka wa 1998 kampuni ilifungua bustani ya wanyama yenye kijiji kiitwacho Harambe, ambacho wajenzi wake waliiga mji wetu wa Lamu. Kabla ya hapo, mwaka wa 1994, filamu yao ya simba iliyasambaza maneno hakuna matata duniani kote, na mwaka wa 2003 kampuni ikapata hati Marekani ya kuyatumia kwenye mavazi kama alama yake ya biashara. Mwaka wa 2018 Waafrika wengi walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki. Walt alikuwa amekufa zamani, lakini yeye aliyenyang'anywa sungura wake angeelewa uchungu wa mtu kuona chake kikiandikwa jina la mwingine. Basi tusiwe watazamaji tu. Hadithi za sungura na fisi tunazo, wachoraji tunao. Tuandike na tuchore, na haki zetu tuziandikishe mapema.

Kwa mjomba na watoto wake nawatakia safari njema, wapange mapema na wacheze pamoja. Kwako msomaji, ukimpeleka mdogo wako matembezini likizo hii, usiketi kwenye benchi. Kalamu yangu inaweka nanga hapa. Wasalaam.