Mwalimu Nyerere, TAZARA na sisi wa Songea

Ukitaka kupanda treni ukiwa Songea, kwanza unapanda basi. Unapita Njombe, unashuka Makambako, ndipo unaisubiri TAZARA. Kituo kile kipo kwa sababu, pamoja na mengine, kuna mtu aliyeambiwa haiwezekani akaendelea kutafuta njia.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12 hivi, kisha akapelekwa Tabora. Mji ule ulikuwa wa reli. Wajerumani waliifikisha hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli za wakoloni kazi yake ilikuwa kutoa mazao kwenda bandarini. Huku Kusini Waingereza walijenga ya kwao kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ukafa, na baada ya Uhuru reli ikang'olewa.

Makerere, ualimu, Edinburgh, TANU mwaka 1954, Uhuru Desemba 9, 1961: hayo tuliyakariri shuleni, siyarudii.

Zambia haina bahari, na shaba yake ilipitia Rhodesia ya Kusini. Novemba 11, 1965 walowezi wa Ian Smith wakajitangazia uhuru, na Rais Kenneth Kaunda akajikuta uchumi wa nchi yake uko mikononi mwa watu aliowapinga. Wazo la reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia lilikuwepo kabla ya hapo, lakini Benki ya Dunia iliona haitalipa, na nchi za Magharibi hazikutoa fedha. Nyerere alikuwa amekwenda China Februari 1965. Septemba 5, 1967 mkataba ukasainiwa Beijing. China, nayo maskini wakati huo, ilitoa mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu, jambo ambalo wengi wa rika langu hatukulijua.

Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako: milima, matope, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi kwa maelfu. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha, na yapo makaburi yao Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa, kilomita 975 zikiwa upande wetu.

Ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini wananchi waliipatia kazi nyingine. Mchele wa Kilombero ukapata soko, vijiji vikasogea karibu na vituo, na Makambako ikawa mji. Kasoro mojawapo ni upana: njia ya TAZARA ni milimita 1,067 na ya Reli ya Kati ni 1,000, hivyo behewa la huku haliendi kule.

Mkoani kwetu Nyerere ana sura nyingine pia. Alikipenda kijiji cha Litowa na Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambapo wakulima walijipangia ujamaa wao wenyewe. Mwaka 1969, wakati reli inapangwa, TANU chini ya uenyekiti wake ikakivunja chama hicho. Kwangu mimi hilo ni doa. Serikali iliyoweza kuwakusanya maelfu wapasue milima haikuweza kuwaachia wakulima wa Songea wajiamulie.

Aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo ingepita hapa Songea, imebaki kwenye mipango. Makaa ya mawe ya Ngaka, Mbinga, yanasafirishwa kwa malori.