Mgonjwa Ni Mtu wa Nyumbani

Ng'ambo ya bonde la Lwengera kutoka Amani, katika milima iliyo juu ya Korogwe, ipo Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Chanzo cha desturi zake ni cha mbali: maisha ya mtu ambaye hakukanyaga Afrika kamwe, Friedrich von Bodelschwingh.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1831 katika ukoo wa mabwana. Alijifunza ukulima, kisha akawa mchungaji. Tangu mwaka 1858 aliishi Paris kati ya vibarua Wajerumani waliofagia barabara za mji ule. Januari 1869 kifaduro kiliwaua watoto wake wanne kwa muda wa majuma mawili. Aliyezika hivyo hakuweza tena kumpita mtoto wa mwenziwe anayeteseka.

Mwaka 1872 alikabidhiwa makao ya wenye kifafa karibu na Bielefeld, ambayo baadaye yaliitwa Betheli. Zama zile mwenye kifafa alifichwa kama aibu. Bodelschwingh hakutaka jengo moja kubwa la kuwarundika watu; aliongeza nyumba baada ya nyumba, zenye walezi walioitwa baba na mama. Kila mwenye nguvu alipewa kazi, shambani au karakanani, kwa kuwa kazi humrudishia mtu heshima yake. Mwaka 1882 aliwafungulia wasio na ajira makao ya kazi huko Wilhelmsdorf, na mwaka 1885 akaanzisha chama cha kuwasaidia wafanyakazi kupata nyumba zao wenyewe. Alifariki mwaka 1910.

Lutindi ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikapokea wagonjwa wa akili, chini ya mashemasi waliofunzwa Betheli. Yote hayo yalitendeka chini ya utawala wa Kijerumani, ulionyang'anya ardhi na kuwalazimisha watu kazi. Utawala ule hatuna la kuushukuru. Lakini jema halikataliwi kwa sababu ya mlango lilioingilia, na hata leo wagonjwa wa Lutindi hulima na kufanya kazi za mikono.

Ndugu wafanyakazi, wodi hujengwa kwa fedha, bali jamaa hajengwi kwa fedha. Aliyepona akirudi kijijini akakuta mlango umefungwa, na kiwandani akanyimwa nafasi yake, hospitali imemtibu bure. Sehemu iliyobaki ya tiba i mikononi mwetu.