Dakta Krapf na Hitilafu za Wakristo Katika Dhati ya Mungu

Wasomaji wetu wa pwani walijua jina la Dakta Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili, na wa bara ya Kitui hulijua kwa kuwa ndiye padri wa kwanza anayejulikana kuingia nchi ya Wakamba, ambamo leo imo Kanyangi. Lakini katika maisha yake limo jambo lisilozungumzwa sana barazani kwetu: kabla hajafika Mombasa alikaa miaka kadhaa kati ya Wakristo waliokuwa wakishindana wao kwa wao juu ya Masihi ni nani, na amezaliwa mara ngapi.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Alikuwa Mlutheri, akaajiriwa na jumuiya ya kimisheni ya Waanglikana wa Uingereza, nayo ikampeleka Uhabeshi mwaka 1837. Alifukuzwa Tigre mwaka 1838. Mwaka uliofuata akaingia Shewa, kwa Mfalme Sahle Selassie.

Huko alikuta ugomvi wa zamani. Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalkedoni, wakakata shauri kuwa Masihi ni nafsi moja yenye maumbile mawili, la uungu na la ubinadamu. Kanisa la Misri lilikataa, na la Uhabeshi likafuata la Misri: wao husema umbile ni moja lililoungana, pasi na kuchanganyika. Baadaye Mahabeshi nao wakagawanyika. Wako waliosema Masihi ana mazazi mawili, moja kwa Baba kabla ya nyakati na moja kwa Maryamu. Wengine wakaongeza zazi la tatu, kwa Roho Mtakatifu. Na wa Gojam wakashikilia neno la kupakwa mafuta. Katika Shewa wenye mazazi matatu walikuwa na nguvu. Krapf, aliyeshika itikadi ya Kalkedoni, hakuweza kuwa pamoja na kundi lolote katika hayo.

Hapa tuseme kweli: wako wahubiri wetu wanaodhani Wakristo wote wana kauli moja katika jambo hili, kisha wakajibu kauli ambayo aliye mbele yao haikubali. Hata katika Kenya ya leo wako Mashahidi wa Yehova, wasiokubali Utatu kabisa. Wala tusiwacheke, maulamaa wetu wa ilmulkalam nao walikhitilafiana sana katika sifa za Mwenyezi Mungu, ingawa hawakukhitilafiana kuwa Yeye ni Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa.

Mwaka 1842 Krapf alitoka Shewa, na alipotaka kurudi njia ilifungwa. Akafika Unguja mapema mwaka 1844, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, akahamia Mombasa. Julai ya mwaka huo homa ilimwua mkewe Rosine, na binti yao mchanga akafa vilevile. Alizika wote wawili ng'ambo ya kisiwa, naye mwenyewe mgonjwa. Mtu wa dini yoyote humhurumia kwa hayo.

Mwaka huohuo alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Huenda wako wanaomlaumu Kadhi. Sisi hatuoni lawama: milango ya mwanzo ya kitabu kile yahusu kuumbwa mbingu na ardhi, na hilo halikuwa gumu kati yao. Ugumu ungekuja katika kuzaliwa. Kwetu neno mwana lina maana moja iliyo wazi, ya aliyetoka tumboni, na msikilizaji wa Kiswahili hulichukua hivyo. Kumweleza kuwa ni mwana pasipo mama mbinguni, wala pasipo wakati, ni kumrudisha palepale waliposhindana Mahabeshi.

Mwaka 1849 aliingia Ukambani, akapokewa Kitui na Kivoi, mkuu wa misafara ya pembe za ndovu, na tarehe 3 Desemba akauona mlima wa Kenya. Wakamba hawakungoja wageni wawajulishe kuwa yuko Muumba. Walimwita Mulungu, na Ngai, na Mumbi. Mwaka 1851 alirudi, wanyang'anyi wakamwua Kivoi karibu na mto Tana, na Krapf akaponea chupuchupu kwa njaa na kiu. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi kwao.

Mwaka 1878, Krapf akiwa mzee, Mfalme Yohannes wa Nne alikusanya makasisi Boru Meda, akawalazimisha wenye mazazi matatu kuiacha kauli yao. Krapf alifariki Korntal, Novemba 1881, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. Miaka tisa baadaye Walutheri wa Bavaria walijenga kituo Ikutha, kusini ya Kitui.