Tezuka, Daktari wa Katuni

Hosteli kwetu tunajazana watu sita mbele ya laptopu moja, anime inaendelea mpaka saa nane usiku, na keshokutwa kuna mtihani. Tukiulizwa nani alituanzishia balaa hili, wengi watamtaja Miyazaki. Mimi namtaja mtu aliyemtangulia, naye alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akichora wakati wenzake wanasoma. Jina lake Osamu Tezuka.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 Toyonaka, jirani na Osaka, akakulia mji wa Takarazuka. Baba yake alikuwa na projekta nyumbani, kitu cha nadra zama zile, kwa hiyo mtoto aliziona katuni za Kimarekani sebuleni kwao. Mama yake alimpeleka kwenye maonyesho maarufu ya Takarazuka, ambako wanawake pekee ndio wanaoigiza, hata nafasi za wanaume. Alipenda wadudu kupita kiasi, hadi akaongeza herufi ya mdudu kwenye jina lake la uandishi.

Kisha vita. Akiwa kijana wa shule alipelekwa kufanya kazi kiwandani Osaka, na mwaka 1945 ndege za Marekani zilipoushambulia mji huo alinusurika chupuchupu. Mwaka huohuo aliingia ukumbi wa sinema kuangalia filamu ndefu ya katuni kuhusu Momotaro, iliyogharamiwa na jeshi la majini. Ilikuwa propaganda tupu. Wanyama wazuri wanavaa sare na kwenda kuwakomboa watu wa visiwani, yaani kuwavamia. Tezuka alilia, akaapa kwamba siku moja naye atatengeneza katuni.

Sehemu hii hunisumbua kila mara. Mtu analiaje mbele ya tangazo la jeshi? Lakini humo ndani mna mbegu za maua zinazopeperuka angani polepole kabla ya kuja miavuli ya askari, na wanyama wadogo wanaokaa darasani wakiimba herufi. Kwa kijana aliyekuwa akisikia ving'ora kila siku, nadhani hizo dakika chache zilitosha.

Akajiunga na masomo ya udaktari Chuo Kikuu cha Osaka, huku anachapisha manga (si manga ya pilipili, ni vitabu vya hadithi za picha). Mwaka 1947 ikatoka Shin Takarajima, ambayo kurasa zake zinakwenda kama kamera inayosogea, na vijana wakainunua kwa fujo. Ratiba mbili zikamshinda. Alimwendea mama yake kuomba ushauri, naye mama akataka kujua kitu kimoja tu: anapenda kipi zaidi. Kilipotajwa kuchora, mama akamwambia basi achore. Hata hivyo jamaa hakuacha chuo. Alimaliza, akapata leseni, na mwaka 1961 akachukua shahada ya uzamivu kwa utafiti wa mbegu za kiume za konokono.

Mwaka 1952 alianza Tetsuwan Atomu, ambayo Wamarekani waliiita Astro Boy. Mara ya kwanza niliiona kama hadithi ya roboti mwenye ngumi nzito. Niliporudia ndipo nikaona mambo. Mwanasayansi Tenma anafiwa na mwanawe kwa ajali ya gari, anaunda roboti wa sura ileile, kisha anamchukia kwa sababu harefuki, anamuuza kwenye sarakasi. Humu chuoni wamo watu waliokuja kusomea kozi ya wazazi wao, nao wanamjua Tenma bila kuangalia filamu. Tafsiri yangu ni kwamba Tezuka, aliyepata mama aliyemwachia njia, alikaa akachora mzazi wa aina ile nyingine.

Hadithi ya simba mweupe, Jangurū Taitei, aliianza mwaka 1950, nayo inatokea Afrika ambayo wakati huo aliijua kwa filamu na vitabu tu. Waafrika wake ni midomo na mikuki, sura zilezile za katuni za Kimarekani alizokulia. Matoleo ya baadaye yana tangazo la kuomba msomaji aelewe zama zilizoichora. Simba wake nampenda. Wale watu wake siwezi kuwatetea, na mtu asiniambie nicheke tu.

Mwaka 1963, tarehe 1 Januari, Atomu akaanza kuonekana kwenye televisheni, nusu saa kila wiki. Watu wa fani waliona haiwezekani, kwani katuni laini inahitaji picha 12 hadi 24 kwa sekunde moja. Studio yake, Mushi Production, ilitumia chache zaidi: uso umetulia, mdomo pekee unachezacheza, na mchoro wa Atomu akiruka unahifadhiwa na kutumika tena wiki ijayo. Ule mkatokato tunaouita mtindo wa anime ulianza kama kubana matumizi. Tena aliuza kila kipindi kwa bei isiyorudisha gharama, akitegemea kufidiwa na mauzo ya bidhaa zenye sura ya Atomu. Wachoraji walikesha. Bei ile ikawa kipimo kwa waliofuata, na mpaka leo wachoraji wa anime wanalia na malipo.

Mushi Production ilifilisika mwaka 1973. Wengi walimhesabu amekwisha, lakini mwaka huohuo akatoa Black Jack, hadithi ya daktari bingwa wa upasuaji asiye na leseni, anayedai pesa za kutisha na mara nyingine kutibu bure. Udaktari alioupa kisogo ndio uliomwinua.

Saratani ya tumbo ilimlaza hospitali. Aliendelea kutaka penseli hata mkono ulipochoka. Alifariki tarehe 9 Februari 1989, akiwa na miaka 60, akiacha hadithi tatu katikati. Wakati Japani nzima inamlilia, Miyazaki aliandika kwamba katika uhuishaji marehemu alikosea, na akaitaja ile bei ya Atomu. Chumbani kwetu kura zilikwenda tatu kwa tatu, na laptopu ikazimika chaji kabla hatujamaliza kubishana.