Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari

Sisi tukaao Rungwa, mbali sana na bahari, twasoma vitabuni habari za watu wa pwani zamani, wala hatuulizi ni nani aliyeziandika. Mmoja wa waandishi hao alikuwa mwalimu, na maisha yake yafaa kujulikana.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Alitiwa chuoni akajifunza Kurani, hata alipokuwa mtu mzima akawa mwalimu. Siku zile Wajerumani walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi, naye akapata kwao kazi ya kukusanya kodi.

Mwaka 1900 akaenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, waliojiweka tayari kuja kufanya kazi Afrika ya Mashariki. Nje ya darasa kalamu yake haikulala. Aliandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, pamoja na mambo ya kale ya Wadoe. Kisha akaeleza desturi za Waswahili: jinsi mtoto anavyozaliwa na kutiwa chuoni, jinsi ya arusi, ngoma, utumwa na maziko. Kitabu hicho kikapigwa chapa mwaka 1903, lakini jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, aliyeyakusanya maandiko.

Mwaka 1904 Mtoro akamwoa mwanamke Mjerumani, jina lake Bertha Hilske. Lakini darasani mambo hayakuwa mema. Walikuwako wanafunzi waliomdharau mwalimu wao kwa ajili ya rangi yake. Mtoro hakukubali, kwa kuwa alijua heshima ipasayo mwalimu. Akapeleka mashtaka kwa wakubwa, na mwisho wa ugomvi ule akaiacha kazi.

Basi mwaka 1905 akasafiri na mkewe kurudi kwao. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya Wajerumani haikukubali mke yule aingie nchini kuwa mke wa Mwafrika. Pwani aliyoiandika ilikuwa mbele ya macho yake. Lakini Mtoro hakumwacha mkewe, wakarudi Ujerumani wote wawili.

Tangu mwaka 1909 hata 1913 alifundisha Hamburg. Baadaye akatafuta riziki kwa kuwahutubia watu habari za Afrika ya Mashariki. Akafa Berlin mwaka 1927.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1981 kitabu chake kikatolewa kwa Kiingereza, na safari hii jina lililowekwa mbele ni lake mwenyewe.

Wanafunzi, desturi nyingi alizozieleza zimekwisha kutoweka, nasi twazijua kwa sababu mwalimu mmoja alikaa akaziandika. Hapa kwetu pia wako wazee wenye habari za kale. Waulizeni kwa adabu, yaandikeni maneno yao, wala msisahau kuandika majina yao.